Mimea ya tangi jipya inaoza, niing'oe?

SWALI: Nina tangi la lita 60 lenye wiki mbili, halijaingia samaki. Chini kuna changarawe tupu ya sentimita 5. Nilipanda Cryptocoryne na Anubias, na taa inawaka saa 12 kwa siku. Sasa majani ya Cryptocoryne yamekuwa kama uji, shina la Anubias limelainika, na kioo kimeota utando wa kijani. Nianze upya?

JIBU: Cryptocoryne iache palepale. Mimea mingi ya dukani hukuzwa majani yakiwa nje ya maji. Ikizamishwa, majani hayo hufa na mengine ya majini huchipua. Cryptocoryne ndiye anayedeka kuliko wote: ukimhamisha kona tu, anapukutika. Kata majani yaliyooza karibu na kitako na uyatoe, kwa sababu yakiozea humo yanaongeza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Mizizi ikiwa bado imara, subiri wiki chache utaona chipukizi. Mmea huu hula zaidi kwa mizizi, na changarawe yako haina chakula, hivyo chomeka kando yake kidonge cha mbolea ya mimea ya majini.

Anubias ndiyo ya kung'oa, tena leo. Lile shina nene linalolala ni rizomu, na likifukiwa huoza. Kata sehemu laini mpaka ufikie nyama ngumu, kisha kifunge kipande kilichobaki juu ya jiwe au gogo kwa uzi wa pamba. Uzi utaoza wenyewe, lakini kufikia hapo mizizi huwa imeshashika. Mizizi ikipenya kwenye changarawe si neno, rizomu ndiyo ibaki wazi.

Saa 12 za taa ni nyingi mno. Mimea yako yote miwili hukua polepole na huridhika na mwanga hafifu. Unaozidi ni karamu ya mwani. Shusha hadi saa 6, ukitumia swichi ya saa (mkono husahau), na utando ufute kwa sifongo isiyowahi kuguswa na sabuni. Ongeza shada la Ceratophyllum, mmea mwingine wa majini, liachwe lielee: hukua upesi na hunyonya amonia ambayo mwani ungeila.

Samaki wasubiri. Mimea michache namna hii haitoshi kusafisha maji, kwa hiyo pima mpaka amonia na nitriti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zote zisome 0. Mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6. Ukiona konokono wadogo kabla ya hapo, walikuja na mimea. Waache wale majani yaliyooza.