Maswali yenu: kufundisha maji kwa mikono

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu, mzazi mmoja na mwanafunzi mmoja. Nimezifupisha.

Nina wanafunzi 90 darasa la tano, Morogoro. Hatuna maabara wala vifaa. Nianzie wapi?

Mwalimu, anza na mvua. Haihitaji nauli wala barua ya ruhusa, inakufuata hapohapo shuleni. Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, isiyo na kiuno. Ikate pale inapoanza kubana, kisha kipande cha juu ukigeuze, mdomo chini, kikae kama faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo weka kokoto ndogo na umimine maji hadi yafunike mabonde hayo. Chora mstari hapo: ndiyo sifuri yenu. Bandika rula kuanzia kwenye mstari huo. Kiweke kipimamvua uwanjani, mbali na miti na kuta, ukizungushie matofali kisiangushwe na upepo au mpira.

Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Wingi wa wanafunzi usikutishe. Gawa makundi, kila kundi zamu ya wiki, na lingine lihakiki. Siku isiyo na mvua waandike 0. Nalisisitiza hili kwa sababu madaftari mengi ya shule huharibikia hapo: nafasi ikiachwa wazi, mwezi wa tano hakuna ajuaye kama mvua haikunyesha au aliyekuwa zamu alikuwa mgonjwa.

Halafu ingia kwenye hesabu. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Watoto wapime kwa kamba eneo linalofunikwa na paa la darasa. Tuseme ni mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Ikinyesha milimita 25, paa hilo limepokea lita 4,000, sawa na ndoo 200 za lita 20. Usiwape jibu. Waache wakokotoe, wabishane, warudie. Anayeteka maji kila asubuhi kabla ya kuja shule akiifikia hiyo 200 kwa kalamu yake mwenyewe, ataanza kuuliza maji hayo yamekwenda wapi. Na ninyi mna jibu zuri: Ngerengere unapita mjini kwenu, unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza mabomba ya Dar es Salaam.

Mwalimu wa mwanangu anataka kuwapeleka ziwani wakachunguze viumbe. Naogopa kichocho. Je, nimkatalie? (Mzazi, Mwanza)

Hofu yako ni ya haki, mzazi mwenzangu. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata kama ngozi haina kidonda. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na adhuhuri, saa zilezile ambazo shule hupenda kufanya ziara. Pale penye majani na maji yaliyotulia ndipo konokono hao wanapopenda.

Usimkatalie, ila mwekee masharti. Hakuna mtoto atakayeingiza mguu wala mkono majini. Achote mwalimu peke yake, amevaa buti na glavu za mpira, kwa ndoo yenye kamba, mahali pasipo na mamba. Maji yamiminwe kwenye beseni jeupe, watoto watazame na wachore bila kugusa, kwa sababu vimelea vilivyoingia kwenye ndoo bado vina uhai wa siku moja au mbili. Mwalimu asiyekubali masharti hayo abaki na watoto uwanjani.

Na kama mwanao amewahi kuoga ziwani, usisubiri ziara hiyo. Mpeleke kituo cha afya akapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inafanya kazi.

Ni kweli wadudu wa mtoni huonyesha kama maji ni safi? (Mwalimu, Arusha)

Kweli kabisa. Afrika Kusini wana kipimo kiitwacho miniSASS kilichotengenezwa ili hata mtoto aweze kukitumia. Kina makundi 13 tu ya wanyama wadogo, na kila kundi lina alama zake. Minyoo hupata 2 kwa sababu huvumilia uchafu. Tunutu (mdudu asiyekomaa) mmoja bapa mwenye mikia miwili, anayejibana chini ya mawe kwenye maji yaendayo kasi, hupata 17, kwani oksijeni ikipungua yeye hufa wa kwanza. Tunutu wa kerengende yuko katikati, 6. Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya makundi mliyoyaona; wastani ukiwa mkubwa, mto ni safi zaidi. Masharti niliyompa mzazi wa Mwanza yanakuhusu na wewe. Kumbuka pia kwamba wadudu hawa wanaeleza afya ya mto, hawasemi kwamba maji yananyweka.

Shikamoo. Tulitengeneza chujio la chupa kwa kokoto, mchanga na mkaa. Maji yalitoka meupe lakini mwalimu akatukataza kunywa. Kwa nini? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Kibaha)

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amefanya vyema. Mchanga umezuia tope unaloliona. Bakteria wengi wana urefu wa sehemu moja au mbili tu kati ya elfu za milimita moja, wanapita katikati ya chembe za mchanga bila shida, na wa kipindupindu ni miongoni mwao. Maji hayo yachemsheni hadi yatokote. Njia nyingine ni kuyajaza kwenye chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2 na kuilaza juani saa 6 mfululizo. Kukiwa na mawingu mengi, siku 2. Mionzi ya jua na joto ndivyo vinavyoua vijidudu.

Kwetu Dodoma mto ni mchanga mtupu miezi mingi. Nitafundishaje maji bila maji?

Mwalimu, hilo korongo kavu ni darasa bora kuliko mengi. Wapeleke watoto wakamtazame mama anayechimba kisima mchangani. Wapime kwa fimbo kina cha maji, warudi mwezi unaofuata wapime tena. Wataona kwa macho yao jinsi maji yanavyozidi kushuka kiangazi kinapokolea.

Shuleni, chukua trei mbili zilizoinama kidogo, moja ina udongo mtupu, nyingine udongo wenye nyasi. Mwagia kila moja lita 2 kwa kopo lenye matundu na ukinge kinachotiririka kwa glasi. Glasi moja itakuwa na tope, nyingine karibu maji matupu. Ziache glasi hizo dirishani wiki nzima, watoto wazilinganishe.

Tuko kisiwani Pemba. Mifano yote ni ya mito. Sisi je?

Ninyi mna bahari inayopanda na kushuka mara mbili kwa siku. Simikeni mwanzi wenye alama kila sentimita 10 pale maji yanapofika, watoto waandike saa ya maji kujaa na kina chake. Ndani ya wiki watagundua kwamba kujaa huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku. Wakichora na umbo la mwezi pembeni, bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) itajieleza yenyewe: mwezi mchanga na mwezi mpevu.

Mwite mvuvi mzee au mama anayelima mwani aje azungumze na darasa kabla hujafungua kitabu, kwa maana hesabu hiyo wanayo kichwani. Mkishuka mwambani, kila mtoto avae viatu, asishike asichokijua, na mtangulie maji yanaposhuka ili muwe mmerudi kabla hayajageuka. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, mwamba wake wa matumbawe umehifadhiwa tangu 1994 na huwapokea watoto wa shule. Kama shule inaweza kuvuka, waandikieni mapema.