Sand Hollow, Utah: kucheza ukingoni mwa majabali ukiwa na handikapu kubwa

Mkuu, umeuliza kama mchezaji wa gofu wa handikapu 24 (yaani ambaye kwa kawaida hupiga kama mikwaju 24 zaidi ya inayotarajiwa) anayekuja Las Vegas kusalimia ndugu afunge safari mpaka uwanja wa gofu wa Sand Hollow, kule Hurricane, Utah, au atakuwa amekwenda kumwaga mipira bondeni bure. Nimeucheza uwanja huo wakati wa baridi na wakati wa joto kali. Jibu langu ni nenda. Wengi wanaorudi mikono mitupu walishaharibu mambo pale walipochagua tii (mahali pa kuanzia kupiga; kila shimo lina kadhaa, za mbele na za nyuma), kabla hata ya mkwaju wa kwanza.

Ni uwanja wa wazi kwa kila mtu: unaweka nafasi, unalipa, unacheza. Ulibuniwa na John Fought na ulifunguliwa mwaka 2008, mashimo 18, pa 72 (pa ni idadi ya mikwaju inayotarajiwa). Ukicheza kutoka tii za nyuma kabisa ni zaidi ya yadi 7,300. Mashimo tisa ya kwanza yanapita kati ya miamba na vichaka, mazuri sana, lakini watu hawafungi safari kwa ajili hiyo. Wanafuata shimo la 11 hadi la 15, ambako uwanja unatoka kwenye ukingo wa jabali na bonde la mto Virgin linafunguka chini yako lote. Kaskazini unaona milima ya Pine Valley, mara nyingine ina theluji huku wewe uko na fulana. Mabanka, yaani mitego ya mchanga, yamejazwa mchanga mwekundu wa hapohapo. Miamba ile ilikuwa vilima vya mchanga wa jangwa enzi za dinosaria, na wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Ukipiga mpira kutoka kwenye banka pale, unapiga mchanga uliowahi kupeperushwa na upepo mamilioni ya miaka iliyopita. Mimi jambo hilo hunigusa kila ninapokanyaga pale.

Sasa tii. Kuna kipimo cha zamani ambacho nakiamini: chukua umbali wako wa kawaida wa aini namba 5 (mojawapo ya fimbo za chuma), zidisha kwa 36, utapata urefu wa uwanja unaokufaa. Anayepiga yadi 150 anatakiwa kucheza kama yadi 5,400. Hapo tayari umejiondolea tii mbili tatu za nyuma, na usione haya hata kidogo. Shimo la 15 ni la pa 3, na kutoka nyuma kabisa ni zaidi ya yadi 200 huku ukingo ukikungoja. Ukisogea mbele, linakuwa mkwaju ambao mtu wa handikapu 24 anaumudu, na mandhari ni yaleyale.

Ukiwa kwenye mashimo ya ukingoni, lenga upande wa ndani, ulio mbali na jabali, hata kama bendera imechomekwa karibu na ukingo. Kutoka upande wa ndani utapiga chipu (mkwaju mfupi wa kuukaribia shimo), utapati mara mbili (kuuviringisha mpira hadi shimoni), utaandika bogi (mkwaju mmoja zaidi ya pa) na kuendelea. Kutoka bondeni hakuna chipu. Tena jihadhari na upepo. Mchana jua likishachoma miamba, hewa hupanda kutoka bondeni, na pale kwenye tii unaweza usisikie chochote huku mpira wako ukipata misukosuko ukishavuka ukingo. Tazama bendera na vichaka vya mbele, usitegemee upepo unaoupata usoni tu. Urefu kutoka usawa wa bahari nao una mchango: ni karibu mita 900 na zaidi, hewa ni nyepesi, hivyo aini ya yadi 150 inaweza kukuongezea kama yadi tano. Si nyingi, ila zinatosha kukupitisha grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo.

Kuhusu sheria, mabadiliko ya mwaka 2019 yanakusaidia sana kwenye nchi ya namna hii. Tangu hapo uwanja unaruhusiwa kuweka alama ya eneo la adhabu hata kwenye korongo au jangwa lisilo na maji. Mpira ukiingia penye vigingi vyekundu, unaongeza mkwaju mmoja na unaweza kudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipovukia mpaka, bila kusogea karibu na shimo. Soma nyuma ya kadi ya alama kabla ya kuanza, sheria za pale zimeandikwa huko. Muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, si tano tena. Na usishuke ukingoni kufuata mpira. Mawe ya mchanga humeguka.

Vichakani vilevile usitie mkono usipopaona. Kuna nyoka wenye njuga mkiani, na wamelindwa kisheria Utah, kwa hiyo wapishe waende zao. Mpira ukikaa juu ya jiwe, chukua adhabu. Aini ikigonga mwamba inabaki na kovu.

Kuna mwenzetu ameuliza kama ni haki kumwagilia nyasi jangwani. Ni swali la kweli na halistahili kupuuzwa. Wilaya ile inategemea mto Virgin, na bwawa la Sand Hollow lililo jirani lilijengwa ili kuhifadhi maji hayohayo na kuyapenyeza kwenye miamba ya chini. Msimamo wangu: nyasi ziwe pale tu mpira unapochezwa, kwingine jangwa liachwe jangwa. Sisi wageni tuna wajibu pia. Rudisha kipande cha nyasi ulichokikata, na kigari kisitoke njiani palipokatazwa, kwa sababu kule kidonda cha nyasi kinachelewa kupona.

Kuhusu muda: St. George, mji wa jirani, uliwahi kufika nyuzi 47 za Selsiasi mwaka 1985. Ukija wakati wa joto, chukua nafasi ya kwanza kabisa ya asubuhi na beba maji mengi kuliko unavyodhani utahitaji. Baridi ikiwa kali, umande unaweza kuganda kwenye grini na wakachelewesha kuanza, basi usiweke miadi ya karibu baada ya mchezo. Machi, Aprili, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoipenda mimi.

Kutoka Las Vegas ni kama saa mbili kwa barabara ya I-15, unakata kona ya Arizona kwenye korongo la mto Virgin. Kumbuka Utah iko mbele ya Nevada kwa saa moja. Ukiandikiwa kuanza saa mbili asubuhi, saa ya Las Vegas itakuwa inasoma saa moja, kwa hiyo uwe umeshatoka mjini kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa ya Nevada ili upate nafasi ya kupiga mipira michache ya kupasha mwili.