Jelatini na tanini: kwa nini yanatokea mabonge?

SWALI: Nataka kuimarisha jeli ya jelatini (protini ya ngozi na mifupa ya wanyama) kwa tanini ya mimea (kemikali kakasi ya magome na majani). Nikichanganya vyote vikiwa moto, napata mabonge yanayonata. Nakosea wapi?

JIBU: Unakosea mpangilio. Tanini ina vikundi vingi vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na haidrojeni). Ikikutana na jelatini iliyoyeyuka huishika papo hapo kwa vifungo vya haidrojeni (mivutano midogo kati ya molekuli), na protini hujikunja kuwa mabonge kabla jeli haijajijenga. (Ndivyo tanini ya magome ya miwati inavyokaza ngozi kiwandani.)

Tengeneza jeli kwanza. Loweka gramu 10 za jelatini katika mililita 90 za maji yaliyokenekwa kwa dakika 10, pasha hadi nyuzi 50 za Selsiasi, mimina kwenye trei kwa unene wa milimita 2, kisha weka kwenye friji usiku kucha. Ndipo uizamishe katika mmumunyo wa tanini wa asilimia 1, humo humo frijini, saa 24. Usiharakishe kwa mmumunyo mzito: tabaka la nje litakaza na kuzuia tanini kupenya, katikati pabaki laini. Jeli itasinyaa kidogo, ni kawaida.

Epuka vyombo vya chuma, rangi itageuka bluu-nyeusi. Magadi nayo huiharibu tanini, ikawa kahawia.

Jaribu kipande kwenye maji ya nyuzi 45: kisicho na tanini huyeyuka, kilichokolea hubaki.