Pesa punguza, masta usiachie: ushauri wangu kupitia maisha ya Desi Arnaz

Mkataba wa tamthilia ukiletwa mezani, macho ya wengi wetu hukimbilia tarakimu. Shilingi ngapi kwa kipande, zinalipwa lini, kuna malipo ya awali au hakuna. Mimi kwa miaka yangu ya utayarishaji hapa Dar es Salaam nimejizoeza kusoma kwanza kifungu cha haki, kile kinachosema masta, yaani nakala kuu ya kazi, ni mali ya nani, ambacho mara nyingi kimefichwa kurasa za nyuma kwa maandishi yaliyobanana. Tabia hiyo niliipata baada ya kufuatilia maisha ya mwigizaji mmoja wa televisheni ya Marekani, Desi Arnaz, na kila msanii mchanga anayeniomba ushauri huwa namsimulia habari zake kabla ya kumwambia lolote lingine.

Desi alizaliwa Santiago de Cuba mwaka 1917. Baba yake alikuwa meya wa mji ule, familia ina nyumba na mashamba. Mwaka 1933 serikali ya Rais Gerardo Machado ilipopinduliwa, baba akatiwa gerezani na mali zao zikachukuliwa. Walikimbilia Miami, na yule kijana aliyelelewa na watumishi akawa anapata riziki kwa kusafisha matundu ya ndege wa kanari. Baadaye akaingia kwenye muziki, akapiga ngoma ya konga na kuimba katika kumbi za starehe, akafika jukwaa la Broadway mwaka 1939. Mwaka uliofuata akaenda Hollywood kucheza filamu katika studio za RKO, na huko akakutana na mwigizaji Lucille Ball. Walifunga ndoa Novemba 1940.

Naamini mtu aliyeona mali ya baba yake ikitoweka kwa siku chache hausomi mkataba kama mimi na wewe. Hayo ni maoni yangu, lakini ukitazama alichokifanya baadaye utaelewa kwa nini nayashikilia.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Lucille alikuwa na mchezo wa redio uliopendwa sana katika kituo cha CBS. Kituo kikataka kuuhamishia kwenye televisheni. Yeye akasema sawa, ila mume wa kwenye mchezo awe mume wangu wa kweli. Wakubwa wakasita: watazamaji watamkubali kweli Mkyuba mwenye lafudhi nzito kuwa mume wa Mmarekani mwenye nywele nyekundu? Wale wawili hawakukaa kubishana ofisini. Mwaka 1950 walizunguka miji na onyesho lao la jukwaani, watu wakacheka, na swali likawa limejibiwa na watu wenyewe. Mwaka huohuo wakaanzisha kampuni yao, Desilu, jina lililounganishwa kutoka majina yao mawili.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo pesa ilipo. Wakati ule vipindi vingi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Miji ya mbali ilipata nakala iliyotengenezwa kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, picha zikatoka na ukungu. CBS na mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, walitaka kipindi kitengenezwe New York ili watazamaji wengi wa mashariki wapate picha safi. Desi na Lucille hawakutaka kuondoka California. Desi akaja na jibu: tupige kwenye filamu halisi ya milimita 35, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, kwa kamera tatu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Kila mji utapata picha ileile nzuri.

Kazi ya taa na kamera akapewa Karl Freund, Mjerumani bingwa aliyekwisha kushinda tuzo ya Oscar. Kazi yake ilikuwa ngumu kweli. Kwenye filamu za kawaida taa hupangwa upya kila kamera inapohama, lakini hapa kamera tatu zinatazama pande tofauti kwa wakati mmoja na watu wako ukumbini wanasubiri kucheka. Freund aliziweka taa juu, akausambaza mwanga sawasawa ili pembe zote zifae. Mpaka leo vichekesho vingi vya Marekani vinavyopigwa mbele ya watazamaji hufuata mpango wa aina hiyo.

Gharama zikapanda, CBS na mdhamini wakalalamika. Desi akawaambia: tupunguzieni malipo yetu dola 1,000 kwa wiki, kutoka 5,000 hadi 4,000, ila filamu zote ziwe mali yetu. Wakakubali upesi. Wakati ule karibu kila mtu aliona kipindi kikisharushwa kimekwisha, hakina kazi tena. Nani angetaka kutazama mara ya pili kichekesho alichokwisha kukicheka?

Kipindi, I Love Lucy, kilianza Oktoba 15, 1951, kikaendelea hadi 1957, jumla vipande 180. Kile kilichorushwa Januari 19, 1953, ambamo Lucy wa kwenye mchezo anajifungua, kilitazamwa na watu wapatao milioni 44, na asubuhi ya siku hiyohiyo Lucille alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kweli. Katika kipindi cha ujauzito na mapumziko yake vilirudiwa vipande vya zamani. Watu wakavitazama. Ikadhihirika kwamba marudio yana thamani, na mwenye marudio alikuwa Desilu.

Mwenye mwembe huuza maembe kila msimu, na mwembe hubaki wake. Nimeona kwa macho yangu wenzetu wa Bongo Movie wakiuza mwembe. Msambazaji alikuja na fedha taslimu, akachukua masta, na sinema iliyokeshesha watu usiku kucha ikawa mali yake moja kwa moja. Miaka ikapita, intaneti ikafika mpaka vijijini, sinema zilezile zinatazamwa na maelfu, na mwigizaji mkuu hana hata nakala ya kumwonyesha mwanawe. Inaniuma kila ninapoiona, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Mimi nilipopelekewa mkataba wa tamthilia yangu, kifungu kilisema kituo kinachukua haki zote, popote, daima. Niliomba kitu kimoja tu: malipo yapungue, lakini kituo kipewe ruhusa ya kurusha kwa muda uliotajwa, katika nchi zilizotajwa, na baada ya hapo haki zinirudie. Nilitegemea mvutano mrefu, haukutokea. Aliyekuwa mbele yangu aliwaza kujaza ratiba ya msimu ule, miaka ya mbele haikuwa shida yake. Muda ulipokwisha nikaipeleka kazi ileile kwenye jukwaa la mtandaoni, na malipo yake yakaninunulia taa na vinasa sauti nilivyokuwa nakodi siku zote.

Kwa hiyo usikubali neno "haki zote" lipite bila kuvunjwavunjwa. Uliza: kurusha mara ngapi? Televisheni tu, au na mtandaoni? Tanzania na Kenya, au dunia nzima? Mwisho wake lini? Faili za awali, zile ambazo hazijahaririwa, zinakaa kwa nani? Yote yaandikwe. Weka nakala zako mahali pawili tofauti, na kazi uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Hakimiliki unayo tangu kazi ilipokamilika, lakini siku ya mgogoro cheti kitakuokolea maneno mengi.

Niseme na upande wa pili, maana ushauri wa nusu ni hatari. Desi na Lucille walipunguza kutoka pesa nyingi hadi pesa nyingi kidogo. Kama malipo unayopewa ndiyo kodi ya nyumba na ada za watoto, usikate hadi ukashindwa kumaliza kazi. Omba kitu kidogo: asilimia ya marudio, au haki za mtandaoni peke yake. Hata kipande kimoja cha haki kinatosha kuanzia.

Tena kushikilia hakumaanishi kutouza kamwe. Mnamo 1957 Desilu waliwauzia CBS vipande vya I Love Lucy kwa mamilioni ya dola, na mwaka huohuo wakanunua studio za RKO kwa zaidi ya dola milioni 6. Ndizo zilezile walikokutana wakiwa waigizaji wa kuajiriwa. Waliuza kipindi kimoja wakapata mahali pa kutengenezea vipindi vya watu wengine. Mtu akitaka kununua masta yako leo, mimi nitakuuliza pesa hiyo inakwenda kununua nini. Kama jibu ni gari, naomba usubiri.

Desi mwenyewe hakudumu pale juu. Pombe ilimzidi, kazi ikamchosha, ndoa ikavunjika mwaka 1960. Mwaka 1962 alimwuzia Lucille hisa zake, akajikita zaidi kwenye shamba lake la farasi. Alifariki Desemba 1986. Namheshimu sana, na bado siwezi kuficha kwamba mtu aliyelinda filamu zake kwa umakini ule hakuilinda afya yake vivyo hivyo.

Lucille aliendelea kuiongoza Desilu peke yake, mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni huko. Chini yake zilitoka tamthilia za Star Trek na Mission: Impossible mwaka 1966, na mwaka uliofuata akaiuza Desilu kwa kampuni ya Gulf+Western kwa takriban dola milioni 17. Aliweza kumnunua mwenzake bila kampuni kuvunjika kwa sababu umiliki ulikuwa wa hisa zinazojulikana, za nani na kiasi gani. Vikundi vyetu vingi vya vichekesho huanza na marafiki watatu wenye simu moja ya kurekodia na hakuna karatasi hata moja. Andikeni sasa, wakati bado mnacheka pamoja: nani ana fungu gani, chaneli imesajiliwa kwa jina la nani, neno la siri liko kwa nani, na mmoja akitaka kuondoka atalipwaje.