Baiskeli ya Shokapu Mbili: Anza na ya Nyuma, Gia Ziwe za Mwisho

Wanunuzi wengi wa baiskeli ya milimani huinamia diraila kwanza, kile kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya gia. Wanahesabu gia, wanasoma jina lililochapwa juu yake, kisha wanatazama rangi ya fremu. Kwa baiskeli yenye shokapu ya mbele peke yake, kosa hilo si kubwa sana. Kwa baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma ni kosa la gharama. Gia zote unaweza kuzibadilisha kwa mchana mmoja, lakini fremu yenye maungio (viungo ambavyo sehemu ya nyuma ya fremu huchezea) yaliyolegea, au shokapu ambayo sili zake (mipira ya kuzuia uvujaji) hazipatikani tena, itabaki kutundikwa ukutani.

Kabla ya kutoa pesa, angalia utakapoendesha. Barabara za murram ndani ya Hell's Gate kule Naivasha, na sehemu kubwa ya njia za msitu wa Karura, hazidai shokapu ya nyuma. Baiskeli ya shokapu moja inatosha, huwa nyepesi kwa kilo moja au mbili, na haina beringi za maungio za kubadilisha. Shokapu ya nyuma huanza kulipa pale penye mawe yaliyochomoza, mizizi na miteremko mirefu, kama kwenye vilima vya Ngong au njia za miguu za Usambara juu ya Lushoto. Hapo gurudumu la nyuma linabaki limeshika ardhi badala ya kurukaruka, na kwa sababu limeshika ardhi, breki ya nyuma nayo inafanya kazi.

Zipo pia baiskeli za bei rahisi zenye springi nene nyuma, mara nyingi imeandikwa namba kama 750 LBS. Nyingi kati ya hizo ni springi tupu, ndani hamna oili ya kuzuia kasi. Kipimo chake ni chepesi: kandamiza kiti kwa uzito wako wote, kisha achia ghafla. Shokapu ya kweli inarudi juu mara moja na kutulia. Springi tupu inakurusha, inashuka tena, inapanda tena. Kwenye mteremko wa mawe mtikisiko huo ndio unaomtoa mtu juu ya usukani. Kwa bei hiyohiyo, chukua baiskeli nzuri ya shokapu moja.

Kuhusu mwendo wa gurudumu, yaani kiasi linachoweza kupanda na kushuka, za mashindano ya mbio za msituni huwa na milimita 100 hadi 120, za matumizi ya jumla milimani 130 hadi 150, za miteremko mikali 160 hadi 170, na za kushuka tu, zinazopandishwa mlimani kwa gari, karibu 200. Kwa mtu anayepanda kilima kwa miguu yake mwenyewe kisha akashuka, ushauri wangu ni 120 hadi 140. Zaidi ya hapo unabeba kilo usizozitumia, na kila mlima utakukumbusha.

Kukagua ya mtumba

Kwetu baiskeli nyingi nzuri za aina hii huja zimeshatumika, kwa hiyo ukaguzi ndio kazi yenyewe. Ioshe kwanza, au mwombe muuzaji aioshe. Usikague fremu yenye tope, kwa maana ufa hujificha chini ya tope.

Simama kando, shika nyuma ya kiti, inua polepole sana. Gurudumu linatakiwa liondoke chini papo hapo. Ukisikia "tok" kabla halijaondoka, pana mchezo mahali fulani. Mwambie mwenzako aweke kidole kwenye kila ungio huku wewe ukiinua na kushusha, atahisi linalocheza. Likiwa ni tundu la shokapu lenyewe, hiyo ni bushi iliyolika, kitu kidogo cha bei ndogo. Likiwa ni ungio kuu karibu na pedeli, ni beringi, na pengine tundu la fremu limeshapanuka. Beringi hubadilishwa. Tundu lililopanuka ni sababu ya kuiacha baiskeli hiyo na kwenda zako.

Muuzaji akiruhusu, toa upepo wa shokapu, fungua bolti moja inayoishika, kisha sogeza sehemu ya nyuma ya fremu kwa mkono juu na chini. Iende laini kama mlango uliopakwa grisi. Ikikwaruza au ikakwama katikati, beringi zimeingia maji na kutu. Beringi za maungio hazizunguki kama za gurudumu. Zinapepesuka digrii chache tu mbele na nyuma, na mzigo wote unaangukia gololi zilezile. Ndiyo maana zile za asili mara nyingi huandikwa MAX, yaani zimejazwa gololi bila kizimba cha kuzitenganisha. Namba zake huchapwa ubavuni. 6902 ni milimita 15 ndani, 28 nje, upana 7. 6802 ni 15 kwa 24 kwa 5. 6901 ni 12 kwa 24 kwa 6. Hizi ni namba za kawaida za viwandani, na duka la beringi za mitambo linaweza kuwa nazo hata kama duka la baiskeli halina. Omba zenye 2RS, maana yake zimefunikwa mpira pande zote mbili. Ambazo si MAX zitafanya kazi, ila zitadumu muda mfupi zaidi.

Kisha chukua tochi utafute nyufa: pale mlingoti wa kiti unapokutana na mrija wa juu, kuzunguka mashikio ya shokapu, na kwenye kila sehemu iliyochomelewa. Mstari mwembamba kwenye rangi unaoendelea kuzunguka mrija ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo.

Shokapu yenyewe

Pitisha ukucha juu ya fimbo inayong'aa. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata sili na upepo utavuja daima. Alama ya mafuta membamba ni kawaida. Mafuta yanayotiririka, au sauti ya kufyonza inaposhuka na kupanda, inamaanisha oili na upepo vimechanganyika ndani, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu.

Hakikisha pia umeandika vipimo vyake. Vya mtindo wa zamani ni kama 200 kwa 57 au 216 kwa 63; vya mtindo wa milimita, ulioanza mwaka 2016, ni kama 210 kwa 50 au 230 kwa 60. Namba ya kwanza ni urefu kutoka tundu hadi tundu, ya pili ni mwendo wa fimbo. Usidanganyike kwamba shokapu yenye mwendo mrefu zaidi ni zawadi. Ukifunga ya 230 kwa 65 kwenye fremu ya 230 kwa 60, tairi linaweza kugonga mlingoti wa kiti shokapu inapobanwa mpaka mwisho, na fremu ikapasuka.

Kuna kosa moja la hatari ambalo kila fundi anapaswa kulijua. Ukikuta shokapu ya upepo imebaki imejikunja, haitaki kunyooka hata ukiitia upepo, upepo umepita sili na kunaswa kwenye chemba ya pili ndani, ukiwa na mgandamizo mkubwa. Usifungue kifuniko chake kwa koleo. Kinaweza kuruka kama risasi. Shokapu hiyo mpelekee fundi wa shokapu, na bei ya baiskeli ipungue kwa thamani ya shokapu nyingine.

Ikiwa nzima, ipange kwa uzito wako. Unahitaji pampu ya shokapu, ile ndogo yenye geji inayofika PSI 300 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Pampu ya kawaida haifai. Vaa viatu, kofia na mkoba wenye maji, jipime. Kwa shokapu nyingi za upepo, anzia PSI sawa na uzito huo kwa ratili: kilo 70 ni ratili 154, basi jaza 155. Weka swichi ya shokapu upande wa kuachia. Bonyeza kiti mara kumi, nusu ya mwendo, ili upepo ugawanyike sawa kwenye chemba mbili, kisha soma geji tena. Sukuma ile pete ya mpira iliyo kwenye fimbo mpaka igusane na sili. Egemea ukuta, kaa taratibu bila kujirusha, miguu juu ya pedeli, kisha shuka polepole. Umbali ambao pete imesogea ndio mzamo. Kwa fimbo ya milimita 50, mzamo unaotakiwa wa asilimia 30 ni milimita 15. Ukipata 18, ongeza PSI 5 upime tena. Ukipata 11, punguza. Mtu asiyepima hili anaweza kuwa na shokapu bora kuliko zote na akaendelea kulalamika kwamba baiskeli ni ngumu.

Baada ya hapo geuza kitasa cha kasi ya kurudi, mara nyingi huwa chekundu. Shuka ukingo wa barabara ukiwa umekaa: nyuma izame, irudi mara moja, itulie. Ikikupiga mateke, punguza kasi mlio mmoja wa kitasa. Ikirudi kwa uvivu, kila jiwe linalofuata litaikuta bado imejikunja, nawe utahisi imeishiwa mwendo.

Foku, yaani shokapu ya mbele, hupangwa vivyo hivyo, ila mzamo wake uwe asilimia 15 hadi 20. Sili za chini za foku na za chemba ya upepo ya shokapu zinataka kusafishwa na kutiwa oili mpya baada ya saa 50 hivi za kuendesha. Kwenye vumbi jekundu la kiangazi usisubiri zaidi.

Breki

Zitakuwa za oili na diski. Shika kigingi, ule mkono wa breki, kwa nguvu sekunde 30. Kikiendelea kuzama kuelekea usukani, pana upepo ndani au uvujaji. Mbele taka diski ya milimita 180 au zaidi. Diski za Shimano za kawaida zina kiwango cha mwisho cha unene cha milimita 1.5, na namba hiyo huchapwa kwenye diski yenyewe.

Jambo linaloharibu breki nyingi hapa kwetu ni oili. Shimano, Tektro na Magura hutumia oili ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, oili ya breki kama ya magari, ingawa baadhi ya mpya zao zimehamia oili ya madini. DOT 4 iko katika kila duka la spea za magari, na fundi mwenye nia njema ataitia popote. Ikiingia kwenye breki ya oili ya madini, sili huvimba, kigingi hakirudi, na breki nzima hutupwa. Soma kifuniko cha tangi kwenye usukani. Aina ya oili imeandikwa pale. Mwoneshe fundi kabla hajafungua bolti ya kwanza.

Magurudumu, kisha gia

Fremu za miaka ya karibuni hutumia ekseli ya nyuma ya milimita 148 na ya mbele ya 110. Za zamani ni 142 au 135 nyuma, na 100 mbele. Ukinunua ya zamani hakikisha habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni nzima, maana gurudumu la kubadilisha litakusumbua kulipata. Inchi 29 inapita mawe vizuri zaidi. Inchi 26 matairi yake yamejaa kila mahali, lakini mengi ni ya barabarani, si ya kushika mawe.

Ondoa tyubu, tumia silanti, yaani majimaji yanayoziba matundu ya tairi yenyewe. Miba ya migunga haina huruma, na kwa tyubu utaziba pancha kila safari. Tairi la 29 lenye upana wa inchi 2.4 linataka mililita 100 hadi 120, na kwenye joto ikague kila baada ya wiki sita hadi nane. Tikisa gurudumu, usiposikia majimaji imekauka. Mtu wa kilo 70 aanze na PSI 21 mbele na 24 nyuma. Fundi atataka kujaza 40 kwa sababu tairi "limelegea". Kataa. Tairi gumu linaruka juu ya mawe kabla shokapu haijapata nafasi ya kufanya kazi. Kwa udongo mwekundu wa Usambara wakati wa masika, iwepo nafasi ya kidole kati ya tairi na fremu, vinginevyo utaibeba baiskeli begani.

Gia zenyewe ni suala fupi. Sahani moja mbele yenye meno 30 au 32, na kaseti (fungu la gia za nyuma) pana nyuma. Deore, seti ya gia ya Shimano, ya gia 12 hufika meno 51, lakini inadai habu ya mtindo wa Micro Spline. Deore ya gia 10 hufika 46 na hukaa kwenye habu ya kawaida ya HG, na mnyororo wake ni wa bei nafuu. Kwa anayeishi mbali na duka kubwa, gia 10 ni chaguo la busara. Badilisha mnyororo ukirefuka asilimia 0.5, kabla haujala kaseti.

Na siku hiyohiyo ya kununua, tafuta kile kipande kidogo cha alumini kinachoishikilia diraila kwenye fremu, ununue viwili. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike ili fremu ipone, na kila fremu huwa na chake, isipokuwa zile zenye kipande cha pamoja kiitwacho UDH. Kimoja kifunge kwa plasta ndani ya mkoba wa zana.