Mvua ya Marekani, ushuru wa alizeti na tarehe 30 Juni

SWALI: Nasoma fedha za umma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Vitabu vinasema majimbo ya Marekani yana "mfuko wa siku ya mvua". Kwetu mvua ndiyo neema yenyewe! Wanamaanisha nini, na mbona halmashauri zetu hazina? Akiba si haiozi?
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Kwao siku ya mvua ni siku ya shida, na mfuko huo ni akiba ya siku hiyo. Ukitaka jina la Kidodoma, uite mfuko wa kiangazi. Karibu majimbo yote yanabanwa na sheria yapitishe bajeti isiyo na nakisi (Vermont ndiyo hutajwa kuwa haina sharti hilo), na jimbo halichapi noti. Uchumi ukianguka, kodi ya mapato na kodi ya mauzo hushuka wakati uleule ambapo waliopoteza kazi wanajiandikisha Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, ambayo jimbo huichangia. Bila akiba linabaki kupunguza walimu au kupandisha kodi.

Na akiba ya serikali inaoza, tena upesi, isipowekewa masharti ya kuingia na ya kutoka. Mfuko wa Texas, ulioanzishwa 1988, hulishwa na kodi ya uzalishaji wa mafuta na gesi, kwa hiyo hujaa visima vinapotema. Kuchota kwa shughuli yoyote ile kunahitaji theluthi mbili ya wabunge waliohudhuria katika kila baraza la bunge la jimbo. California, tangu kura ya mwaka 2014, hutenga asilimia 1.5 ya mapato ya mfuko mkuu kila mwaka, sehemu ikienda kulipa madeni. GFOA, chama cha maofisa wa fedha wa serikali huko, hushauri akiba isiyopungua miezi miwili ya matumizi ya kawaida.

Kwetu, Ibara ya 140 ya Katiba inaruhusu mfuko wa matumizi ya dharura ngazi ya taifa. Halmashauri hupokea sehemu kubwa ya mishahara kutoka Hazina, hivyo pigo la kwanza linaangukia Serikali Kuu. Panapobaki wazi ni kwenye mapato ya ndani, na barua ifuatayo inagusa hapo hapo.

SWALI: Agosti mweka hazina alitusomea taarifa nzuri ya makusanyo. Januari tunaambiwa hakuna kitu, posho na madai ya wazabuni yamelala. Tunaibiwa?
*Diwani, Wilaya ya Kongwa*

JIBU: Mheshimiwa Diwani, wizi upo duniani, lakini kabla ya kumkunja mtu shati angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yanaingia sokoni. Malori yanatoka, geti la ushuru halilali. Ikifika Desemba mkulima yuko shambani anapanda, hana cha kuuza. Halmashauri inayogawa maoteo ya ushuru kwa 12 inajidanganya: ikitarajia milioni 240 kwa mwaka, inaandika milioni 20 kila mwezi, inakusanya milioni 50 Agosti, inaona imevuka lengo na kuanza kutumia kwa mkono mpana.

Halafu kuna bei. Chukua gunia 100 za alizeti, kilo 65 kila moja, jumla kilo 6,500. Kwa shilingi 900 kwa kilo mzigo una thamani ya 5,850,000, na ushuru wa asilimia 3 ni 175,500. Bei ikishuka hadi 600, mzigo uleule unatoa 117,000. Mavuno hayajapungua hata gunia moja, lakini theluthi ya mapato imeyeyuka.

Kwenye Kamati ya Fedha ombeni jedwali la makusanyo halisi ya kila mwezi, kila chanzo peke yake, kwa miaka mitatu. Mwaka uliovuka kupita kiasi msiufanye kipimo. Maoteo yakipandishwa ili miradi yote ienee, miradi hiyo iko kwenye karatasi tu. Kisha mpango wa mtiririko wa fedha ufuate jedwali: makusanyo ya Julai hadi Septemba yabebe pia mahitaji ya lazima ya robo ya pili na ya tatu, na mikataba isiyo ya haraka isisainiwe hadi makusanyo ya Desemba yajulikane. Linganisheni pia taarifa ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, na taarifa ya benki, tarehe kwa tarehe. Pengo la siku kadhaa kila mara ni dalili ya kutumia fedha mbichi, yaani kabla haijafika benki, na hapo ndipo swali lako la wizi linapopata mahali pake.

Jambo la mwisho, ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote: fedha inayokuja mara moja isibebe gharama ya kila mwezi. Mauzo ya viwanja yaliyapandisha sana mapato ya Jiji la Dodoma baada ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuvunjwa 2017, lakini kiwanja huuzwa mara moja. Fedha ya namna hiyo ijenge soko au stendi itakayotoa ushuru. Ukiajiri vibarua kwa fedha ya viwanja, viwanja vikiisha vibarua bado wapo mlangoni.

SWALI: Fedha ya darasa iliingia Mei. Tunaambiwa isipoisha 30 Juni inarudi Hazina. Tumlipe fundi yote, amalizie baadaye?
*Mjumbe wa kamati ya ujenzi, Bahi*

JIBU: Hapana. Ukilipa kazi isiyofanyika, hoja ya ukaguzi ni yenu, na fundi mwenye fedha mfukoni harudi upesi. Ni kweli idhini ya matumizi ni ya mwaka mmoja, ila Mkurugenzi anaweza kueleza kwa maandishi, kabla mwaka haujafungwa, kwa nini fedha haijatumika na kuomba iendelee kutumika kwenye kazi hiyohiyo. Mpeni mapema: kazi iliyopimwa, iliyobaki, sababu ya kuchelewa na tarehe ya kumaliza. Lipeni kilichopimwa. Nondo na bati zinaweza kununuliwa na kupokelewa stoo kwa hati. Saruji msirundike, ikikaa miezi mitatu sakafuni inaanza kushika mabonge, na mkaguzi atayahesabu mabonge hayo.