Siku uliyokosa mazoezi si deni

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam. Alianza programu ya wiki 18 ya kujiandaa na mbio za kilomita 42 za Moshi, Kilimanjaro Marathon, akaifuata vizuri mpaka mwisho wa wiki ya 7. Hapo malaria ikamlaza, siku 9 hakugusa raba. Alipoinuka alikuwa ameshapiga hesabu: mbio 5 zimempita, jumla kilomita 47. Akaamua kuzilipa zote ndani ya wiki 2, juu ya zile zilizopangwa. Siku ya 11 ugoko wa kushoto ukaanza kuuma. Siku ya 14 anakwenda kituo cha daladala akichechemea. Swali lake kwangu: afanye nini ili hamu irudi?

Dada yangu, hamu unayo. Asiye na hamu hawezi kuamka alfajiri kulipa kilomita 47. Kilichokuangusha ni hiyo hesabu, na inaniuma kwa sababu kila msimu inawaondoa barabarani watu wenye nidhamu hasa, wale ambao wangefika.

Mwili hauna daftari la madeni kama duka la Mangi. Mbio ya Jumanne iliyopita ilikuwa na kazi yake Jumanne ile, ikifuatiwa na mapumziko yake, na mwili hujijenga ndani ya mapumziko hayo. Ukiirundika juu ya mbio za wiki hii, unaongeza mzigo na kufuta mapumziko kwa wakati mmoja. Tena moyo na pumzi huimarika ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Ndiyo maana mtu anajisikia ana pumzi tele huku ugoko unamlilia. Usiipe pumzi peke yake kazi ya kukuamulia.

Kwa hiyo shika hivi. Umekosa siku 1 hadi 3? Ziache, kimbia mbio ya leo kama ilivyoandikwa. Siku 4 hadi 7: rudia wiki ya mwisho uliyoikamilisha, na mbio ndefu uikate robo. Wiki 2: rudi nyuma wiki 2, na wiki ya kwanza ufanye nusu ya kilomita zake. Zikifika wiki 3, na mashindano yakawa chini ya wiki 8, hamia kilomita 21. Najua hapo ndipo watu wananuna. Lakini Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwaka 2025, Mtanzania wa kwanza kuitwaa, kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya yeye na Mjerumani kuandikiwa muda uleule wa 2:09:48. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka 8. Wewe unaombwa usubiri msimu mmoja.

Malaria ina utaratibu wake. Maliza dozi: mseto wa mtu mzima ni vidonge 24, vinne kila mara, mara 6 ndani ya siku 3, uumeze pamoja na chakula. Baada ya kidonge cha mwisho kaa siku 7 bila kukimbia hata kama kichwa kimetulia, maana ugonjwa huu huharibu chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo hubeba oksijeni. Siku hizo tembea, dakika 20, kisha 30, kisha 40. Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujashuka kitandani. Yakiwa zaidi ya 10 juu ya kawaida yako, bado hujawa tayari. Na homa ya aina yoyote ni marufuku kukimbia nayo. Mafua ya puani tu, bila homa wala kifua, unaweza kwenda taratibu.

Sasa huo ugoko. Kaa kitini, legeza mguu, kisha kwa ncha ya kidole gumba bonyeza taratibu ukingo wa ndani wa mfupa, ukianzia chini ya goti na kushuka hadi kifundoni. Maumivu yakiwa yametandaa eneo la urefu wa kiganja, na huwa yanapungua mwili ukipata moto, ni misuli na utando wa mfupa vilivyochoshwa. Pumzika siku 7 hadi 14. Yakiwa yamekaa mahali pamoja, padogo kama sarafu, pakiguswa unaruka, au yanakuamsha usiku, huenda mfupa umeanza ufa: nenda hospitali na usikimbie kabisa. Umweleze daktari kwamba unakimbia na ni kilomita ngapi kwa wiki, maana picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Na tafadhali, acheni kumeza diklofenaki kabla ya mbio ndefu. Inaficha maumivu ambayo ndiyo taarifa yako pekee, na figo ya mtu aliyepungukiwa maji inaumizwa nayo.

Nirudi kwenye hamu. Wengi huniambia iliisha wiki ya 6, 7 au 8. Tazama mbio ndefu za programu ya kawaida ya anayeanza, wiki kwa wiki: 12, 14, 16, 12, 18, 20, 22, 16, 24, 26, 28, 20, 30, 22, 32, 22, 14, kisha siku yenyewe. Wiki ya 7 ndiyo mara ya kwanza unavuka kilomita 20, na kwa wengi hiyo ni zaidi ya saa 2 na nusu juu ya miguu. Kosa ambalo kilomita 14 zililivumilia, hapa linajitokeza: njaa, maji, mapaja yanayochubuka, raba iliyokufa, kasi isiyo yako. Mtu anarudi nyumbani amevunjika, wiki inayofuata akikumbuka Jumamosi ile anazima kengele ya simu. Anasema hamu imeisha. Kilichoisha ni wanga mwilini.

Anza na kasi. Programu nyingi za intaneti zimeandikwa kwa nchi za baridi. Mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mbio zako ndefu kuliko zote zinaangukia Januari na mwanzo wa Februari, kaskazi ikivuma, Dar ikiwa na nyuzi 25 hata kabla ya jua na unyevu unaofanya jasho lichuruzike bila kukauka. Jasho lisilokauka halipoozi mwili. Mwenye lengo la saa 4 na nusu anahitaji dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita siku ya mashindano; mbio yake ndefu ya Dar iwe kati ya 7:15 na 7:45, na asione haya. Kipimo ni mdomo: ukikutana na mzee anatoka msikitini, uweze kumwamkia na kumaliza salamu zote bila kukatika pumzi. Ukiitikia kwa kichwa tu, umezidisha. Na ikifika saa 3 na nusu hujamaliza kilomita 30 au 32, simama, hiyo imetosha. Kinachoongezeka baada ya hapo ni majeraha.

Chakula sasa, maana hapa ndipo watu wanapojitesa bure. Kuanzia dakika ya 45 mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Tende moja ndogo ina gramu 5 au 6, kwa hiyo tende 6 hadi 8 kwa saa zinakutosha kuanzia. Zitoe kokwe usiku, maana kuhangaika na kokwe gizani ndiko kunakofanya mtu aseme "nitakula nikifika". Kula 2 kila dakika 15, kabla njaa haijagonga. Kwa kinywaji, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vya kusawazisha. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo kwa jasho letu, hivyo linywe baada ya mbio ukiwa na kitu cha chumvi. Kujua kiasi chako, jipime uzito bila nguo kabla na baada: kila kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 iliyotoka. Ukiona umeongezeka uzito umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari kuliko kiu, maana chumvi ya damu inachujuka.

Raba. Wengi wetu tunanunua mitumba pale Karume, na hakuna ubaya, ila usiangalie juu. Geuza, tazama soli: ikiwa imelika upande mmoja tu, aliyekuwa nayo ameshaikunja kwa mguu wake na itakukunja wewe. Bonyeza ubavu wa soli kwa gumba, ile sehemu laini kati ya kitambaa na mpira wa chini. Ikibonyea na kurudi, ina uhai. Ikiwa ngumu kama mbao, au ina mikunjo mingi iliyojipanga kama ya paji la uso, imekufa hata iwe inang'aa vipi. Chukua inayoacha upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, kwa sababu kwenye joto mguu huvimba. Raba mpya huenda kilomita 500 hadi 800. Ya mtumba ihesabie nusu. Mafuta ya mgando mapajani, makwapani na kwenye chuchu kabla ya kila mbio inayozidi saa 1, na fulana ya pamba iache nyumbani; ikilowa inakwangua kama msasa.

Usingizi na muda ndivyo vinavyoamua zaidi ya yote hapa mjini. Mbio ndefu ianze saa 10 na nusu alfajiri, ili saa 2 asubuhi jua likianza kuchoma uwe umemaliza. Maana yake Ijumaa unalala saa 3 usiku, na harusi ya Ijumaa unatoa mchango, unaomba radhi. Usiku huohuo weka raba mlangoni, soksi zikiwa ndani yake, chupa kwenye friji, tende pembeni, simu iwe mbali na kitanda. Uamuzi wa kukimbia ufanyike usiku. Saa 10 alfajiri hakuna binadamu mwenye maamuzi mazuri. Kukiwa na giza vaa kizibao kinachong'aa kama cha bodaboda, kimbia ukitazamana na magari, na dada zangu msiende peke yenu.

Siku za kazi, anayekaa Mbezi au Gongo la Mboto na kufanya kazi mjini hana alfajiri, foleni imeshaichukua. Basi kimbia jioni hukohuko mjini. Beba nguo, saa 12 jioni ingia Barack Obama Drive upate upepo wa bahari, au uvuke Daraja la Tanzanite kwenda Coco Beach na kurudi. Dakika 45 ulizokuwa ukae kwenye foleni zinakuwa kilomita 6, na ukimaliza magari yamepungua.

Klabu za jogging ni hazina ya jiji hili na siwezi kumshauri mtu akimbie msimu mzima bila wenzake. Tatizo ni kwamba klabu nyingi hukimbia kilomita 8 hadi 12 kwa nyimbo, kisha supu, na mtu wa kilomita 42 anarudi akidhani amefanya mbio ndefu. Wahi. Programu ikisema 24 na klabu inakimbia 10, kimbia 14 zako gizani, uwakute wanapoanzia, umalizie nao. Zile 10 za mwisho ndizo ngumu, na ndizo utakazokuwa na watu.

Pwani ni tambarare, Moshi si tambarare. Nusu ya pili inapanda kuelekea Mweka, kisha inashuka kurudi mjini, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Kila Alhamisi kuanzia wiki ya 5 tafuta mlima wa mita 300 au 400. Mlimani pale Chuo Kikuu, Changanyikeni na Goba ipo. Panda mara 4, ongeza mpaka 8. Na usishuke ukitembea kila mara. Mara 2 za mwisho shuka ukikimbia kwa hatua fupi, kwa sababu kule Moshi mapaja yanakufa kwenye kushuka, wakati mtu anadhani mlima umekwisha.

Miaka hii Ramadhani inagusa Februari, wakati kilomita zinapungua, na hilo ni jepesi: dakika 40 nyepesi zinazoishia kwenye adhana ya magharibi. Ila kilomita 42 kwa joto lile ukiwa umefunga, hapana.

Sasa wewe dada. Siku 9 za malaria, na ugoko unakudai siku 14. Hizo ni zaidi ya wiki 3, na zimebaki wiki 8 kasoro siku 2. Hamia 21. Wiki 2 za kwanza tembea tu, dakika 30 hadi 45, na kila Jumapili asubuhi fanya kile kipimo cha gumba. Kukiwa kimya, mbio ndefu ziwe 8, 10, 13, 16, kisha 10 wiki moja kabla, na katikati ya wiki mbio 2 tu za kilomita 5. Mlima mara 1 kwa wiki, kuanzia baada ya ile mbio ndefu ya kwanza ya kilomita 10, panda mara 4 tu. Maumivu yakirudi ukiwa njiani, panda daladala urudi nyumbani, na kilomita zilizobaki siku hiyo usiziandike popote.